Namna ya Kumpima Ukuaji na Maendeleo Mtoto wa Miezi 9 Kabla Hajaanza Kulia

Mtoto anapotimiza miezi 9, hapa Tanzania huletwa kliniki kupata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubella, na kwa mwanafunzi wa uuguzi hiyo ni nafasi nzuri ya kujifunza kupima ukuaji na maendeleo kwa wakati mmoja. Ugumu wake ni kwamba mtoto wa umri huu ameshawatofautisha watu wa nyumbani na wageni, na wewe mwenye sare ni mgeni. Akikulilia usiudhike: kuogopa wageni ni dalili kwamba akili yake inakua inavyopaswa. Kwa hiyo utaratibu wa kuanzia kichwani hadi miguuni, unaomfaa mtu mzima, hapa tunauacha. Tunaanza na yale yasiyohitaji kumgusa na kumalizia na yale yanayouma.

Hatua ya 1: Soma kadi na uhakikishe umri. Muulize mama kama mtoto alizaliwa kwa wakati wake. Aliyezaliwa katika wiki ya 32 alitangulia kwa takriban wiki 8, hivyo akiwa na miezi 9 maendeleo yake yapimwe kama ya mtoto wa miezi 7, na hesabu hiyo iendelee mpaka afikishe miaka 2. Chanjo, hata hivyo, hufuata umri wake halisi tangu siku aliyozaliwa.

Hatua ya 2: Tazama na uhesabu pumzi. Mtoto akiwa bado amepakatwa na mama yake, mwombe mama ainue nguo kidogo, kisha uhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwani upumuaji wa mtoto mchanga haulingani muda wote. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani anapovuta hewa. Akianza kulia hesabu haifai tena, na ndiyo maana kazi hii hutangulia mizani.

Hatua ya 3: Cheza naye. Hatua hii wanafunzi wengi huipitia haraka, nami nawasihi waikawize, kwa sababu hapa ndipo kasoro za maendeleo hugunduliwa mapema. Keti chini usawa wa macho yake, zungumza kwanza na mama, umwache mtoto akuchunguze. Kisha mpe kijiko na uone kama anakihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Anayetumia mkono uleule kila mara huku mwingine ukiwa umelegea au umekunjwa ngumi apelekwe kwa daktari, maana kuchagua mkono kabla ya mwaka mmoja si jambo la kawaida. Kifiche kijiko chini ya kanga ya mama huku akiona: wengi wa umri huu huinua kanga kukitafuta, kwa kuwa wameanza kuelewa kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Weka chembe ya wali uone kama anaanza kuiokota kwa kidole gumba na cha shahada. Kamwe usimpe kizibo cha soda wala shanga, vitamkaba.

Mwite jina lake ukiwa nyuma yake, asipoweza kukuona. Msikilize kama anatamka silabi za kurudia kama "ba-ba" au "da-da". Mwisho mkalishe bila kumwegemeza. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinaonyesha kwamba karibu watoto wote wenye afya hukaa wenyewe kufikia miezi 9.2. Kusimama dede bila kushikilia kitu kunaweza kuchelewa hadi miezi 16.9, na wachache huruka kutambaa kabisa, hivyo usimtishe mama kwa hayo.

Hatua ya 4: Pima uzito, urefu na mkono. Hakikisha mizani inasoma sifuri, mtoto avuliwe nguo na nepi. Kama mizani inaruhusu, mama apande kwanza, isawazishwe kwenye sifuri, kisha apokee mtoto. Njia hii hupunguza kilio sana. Urefu hupimwa akiwa amelala mpaka atimize miaka 2, na ubao huhitaji watu wawili: mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Mzunguko wa mkono hupimwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia nyayo zote mbili kwa juu ukitafuta uvimbe.

Hatua ya 5: Chora uzito kwenye chati ya ukuaji, kisha usome mstari. Mvulana aliyekuwa na kilo 7.9 akiwa na miezi 6 alikuwa katikati kabisa ya wenzake. Akirudi na kilo 7.9 zilezile kwa miezi 9, bado hajafika kwenye mstari wa uzito pungufu, ambao ni kilo 7.1, lakini mstari wake umelala, na huo ni wito wa kuuliza anakula nini, mara ngapi, na kama ameugua.

Hatua ya 6: Matone na sindano. Kama hajapata vitamini A katika miezi 6 iliyopita, mpe dozi ya uniti 100,000 mdomoni. Sindano ya surua na rubella huchomwa chini ya ngozi, nayo iwe ya mwisho kabisa, mama akiwa amemkumbatia.

Katika kuandika, tenganisha jambo ambalo mtoto ameshindwa kulifanya na jambo ambalo hukuweza kulipima. Mtoto aliyelia asiokote chembe ya wali aandikiwe "hakupimika", na pembeni uongeze maelezo ya mama kuhusu anavyofanya nyumbani, pamoja na tarehe ya kumpima tena.