Bipola: usingizi ukianza kukata, stuka mapema

Mimi nina bipola, ugonjwa wa akili unaokupandisha mzuka kupita kiasi alafu kukushusha kwenye huzuni nzito, na kwangu dalili ya kwanza ya kupanda huwa ni usingizi, nikilala masaa matatu tu alafu saa tisa usiku niko freshi kabisa nafua mapazia, hapo najua kimeshanuka. Kwahiyo andika dalili zako, tatu nne hivi, mpe dada ako au rafiki unayemwamini, maana ukishapanda hutaziona wala hutakubali ukiambiwa. Dawa usiache eti umepona, umepona sababu unazimeza! Kama unatumia lithiamu (dawa ya bipola), kunywa maji ya kutosha, chumvi usiikate ghafla, na ibuprofeni (dawa ya maumivu) usijinunulie tu bila kumuuliza daktari, inapandisha lithiamu kwenye damu. Bangi na pombe, hapana. Tarehe ya kliniki weka alamu kwenye simu, kadi ukiipoteza nenda hivyo hivyo.