Live na leave, lose na loose: nnavyokagua barua ya Kiingereza kabla haijaprintiwa

Mi nachapa barua za kazi na CV za watu hapa steshenari kutwa nzima, na makosa nnayokutana nayo ni yale yale, tena ya watu waliosoma vizuri kabisa. Inaniuma barua nzuri kuchafuka kwa herufi moja, so fanya hivi.

Hatua ya 1: jua kosa linatokea wapi. Kiswahili kina irabu tano tu na tunaandika kama tunavyotamka, Kiingereza hakiko hivyo, kwa hiyo live na leave kwa midomo yetu zote zinatoka "liv". Juzi dada mmoja kaja na barua yake, kaandika "I leave in Mbagala with my parents", yeye anamaanisha anaishi Mbagala, ila ilivyokaa pale ni kwamba anaondoka. Walk na work nazo ndo hivyo hivyo, hut na hat pia.

Hatua ya 2: usitegemee mstari mwekundu wa kompyuta. Ule unakamata neno ambalo halipo, sasa leave lipo, unalipitisha tu. Kusoma kwa sauti nako hakusaidii maana sauti ndo iliyotuponza toka mwanzo. We kila neno unalolitilia shaka libadilishe kwa Kiswahili hapo hapo kwenye sentensi. Ikikubali "yao" ni their, ikikubali "pale" au "huko" ni there, na they're ifungue iwe they are uone kama sentensi bado inasimama. It's vilevile, ifungue iwe it is au it has, ikigoma basi ni its, yaani "yake", na haina kile kialama cha juu. Hers na ours nazo hazina.

Hatua ya 3: hapa mbinu ya juu inagoma, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina neno moja. Sisi tunaazima kitu kwa mtu, na mwenye kitu naye anatuazima, yote kuazima. Kiingereza kimegawa, anayechukua ni borrow, anayetoa ni lend. Kwa hiyo "borrow me your book" sio, sema "lend me your book" au "can I borrow your book".

Hatua ya 4: zile za herufi moja. Lose ni kupoteza, nayo imepoteza o moja, loose ni kitu kilicholegea. Advice ni ushauri, advise ni kushauri, na advices usiandike kabisa, mbona ushauri nao hauna wingi? Hata vibao vya maduka yetu vingi vimeandikwa stationary, ambayo maana yake ni kitu kilichosimama hakisogei. Vifaa vya kuandikia ni stationery, e ile ya envelope.

Hatua ya 5: kila mtu ana maneno yake matatu manne yanayomsumbua, yaandike kwenye karatasi uyabandike ukutani. Ukimaliza barua bonyeza Ctrl na F, tafuta moja baada ya jingine, na kila leave inapotokea jiulize hapa naondoka au naishi, ndo uprinti.