Somo: Zisome Nyasi Zako Kabla Hujashika Panga Kiangazini

Februari moja nilikata nyasi zangu za Boma Rhodes hapa Rongai, Nakuru, hadi shamba likabaki kama kichwa kilichonyolewa. Bei ya beli ya nyasi kavu ilikuwa imepanda, tamaa ikanishika. Mvua za masika ziliponyesha majirani walipata nyasi, mimi nikapata magugu. Wengi walinipa pole kwa sababu ya ukame. Ukweli ni kwamba jua lilizidhoofisha tu, mimi ndiye niliyezimaliza.

Hatua ya 1: Pita shambani mara mbili. Nenda saa tisa alasiri, kisha urudi kesho yake kabla jua halijachomoza. Nyasi zikikosa maji hufunga vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, kisha jani hujikunja kwa urefu kama mrija ili jua lisilipige lote. Likijikunja alasiri na kukunjuka usiku, mmea bado unajimudu. Ukilikuta limejikunja hata alfajiri, weka panga chini.

Majani ya chini yakikauka kwanza usishtuke. Mmea unanyonya kilichomo humo na kukipeleka kwenye machipukizi.

Hatua ya 2: Pima kimo, usihesabu wiki. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Kitu cha kwanza kusimama wakati wa ukame ni kurefuka kwa majani, kabla hata hujaona kunyauka. Lakini kwa siku kadhaa mmea huendelea kutengeneza sukari, na kwa kuwa haukui, huiweka kwenye kishina na mizizini. Hiyo ndiyo akiba ya kuchipulia mvua ikirudi. Ukikata, unalazimisha mmea uitumie sasa, na ukikata tena hauna kitu. Kwa hiyo ile desturi ya kukata nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, kila wiki sita hadi nane ni ya msimu wa mvua. Kiangazini ngoja ifike mita moja hivi, hata ikichukua miezi mitatu.

Hatua ya 3: Pasua vishina. Chukua kisu, ng'oa kishina kimoja, ukipasue chini kabisa karibu na mizizi. Kikiwa cheupe na chenye unyevu ukikigusa, kiko hai, hata kama juu pamekauka kama makuti. Kikiwa cha kahawia na chepesi kama kizibo, kimekufa. Pasua kama kumi, sehemu mbalimbali za shamba, ndipo uamue kama utapanda upya.

Hatua ya 4: Ukilazimika kukata, acha shubiri nzima. Ng'ombe nao watoke shambani. Mvua ikirudi, majani mabichi ya mwanzo yanajengwa na akiba ile ile, kwa hivyo yaache yakomae kidogo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikitia mbolea ya CAN sasa hivi si nepia itapata nguvu? (Njoro)*

Hapana, mama. Bila maji mbolea hiyo haigeuki kuwa protini. Nitrati iliyomo hurundikana kwenye mmea, hasa sehemu ya chini ya shina. Tumboni mwa ng'ombe hugeuka sumu inayozuia damu kubeba hewa: mnyama anahema kwa nguvu, ufizi unabadilika rangi, na damu inakuwa ya kahawia kama chokoleti. Ukiona hivyo ita daktari wa mifugo mara moja. Tia mbolea mvua ikishashika. Na usidhani kukausha kunaondoa nitrati. Kwenye nyasi kavu hubaki. Saileji, yaani majani yaliyofungiwa yakachachuka bila hewa, huipunguza.

*Nepia yangu imekuwa ya njano na fupi, na huku kwetu mvua imenyesha. Bado ni ukame? (Bungoma)*

Ndugu, huo si ukame. Nyasi zilizoumia kwa jua hunyooka zikipata maji. Ikichipuka baada ya kukatwa ikiwa na vijani vidogo vya njano vilivyosongamana, huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, ambao huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani na pia kwa vipando. Ng'oa shina zima na mizizi yake. Usimpe jirani kipando hata kimoja.

*Nipande nini badala yake, mahali pakavu? (Rongai, karibu na Mogotio)*

Mimi ningechanganya Boma Rhodes na brakiaria. Mulato II, aina moja ya brakiaria, hustahimili ukame vizuri; ndiyo maana icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliiweka pembezoni mwa mahindi kwenye mfumo wa kusukuma na kuvuta wadudu waharibifu, nepia ilipokuwa inashindwa na ukavu. Na usidhani ni mgeni: asili ya brakiaria ni hapa hapa Afrika, ilizunguka Amerika Kusini ikarudi na jina jipya.

*Je, mtama uliochipuka baada ya mvua ya juzi? Ng'ombe wanautamani sana. (Subukia)*

Wafunge! Machipukizi ya mtama yaliyotoka kwenye ukame yana sianidi, sumu kali. Subiri yapite goti lako, na hata hapo usiwapeleke wakiwa na njaa. Wapewe kwanza nyasi kavu.