Makadirio matatu, baraza moja: namna ya kulinganisha bei za mafundi kabla hujatoa hela

Mtu akitaka baraza la mbao nyuma ya nyumba, la kukaa jioni na kupunga upepo, huita mafundi watatu, huwaonyesha eneo kwa kidole, kisha husubiri bei. Mmoja analeta milioni mbili na laki moja na nusu. Mwingine mbili na laki nne na nusu. Kampuni yenye mhuri inataka tatu na laki tatu na ushee. Mwenye nyumba anachukua ya chini, au akiogopa kuibiwa anachukua ya katikati.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi zangu nyingi ziko Mtwara na Lindi. Bei hizo tatu haziwezi kulinganishwa, maana kila mmoja amepigia hesabu baraza lililoko kichwani mwake. Wa kwanza ana mbao bila saruji, wa pili ana paina na misumari, wa tatu ameweka kila kitu pamoja na kodi. Kazi yako ni kuwalazimisha wote wauze baraza lilelile.

Hatua ya 1: Andika baraza lako kwenye karatasi moja

Fanya hivi kabla hujampigia fundi yeyote simu. Andika urefu, upana, kimo kutoka ardhini, aina ya mbao, unene wake, zitafungwa kwa skrubu au misumari, nguzo ngapi, mashimo yana kina gani, ngazi zipo au hazipo, uzio wa pembeni upo au haupo, na nani atapaka dawa na oili. Toa nakala tatu. Kila fundi apate karatasi ileile.

Nitatumia mfano wa baraza la mita 3.6 kwa 3, lililoinuka sentimita 80, kwenye kiwanja tambarare. Nimechagua 3.6 kwa makusudi: mbao nyingi dukani ni za futi 12, yaani takriban mita 3.66, hivyo ubao mmoja unafika mwisho bila kuungwa. Ukisema mita 4 kwa sababu tu namba imenyooka, kila mstari utakuwa na kiungo, utanunua mbao za ziada, na vipande vitakavyobaki vitaondoka na saidia fundi kwenda kuwa kuni.

Kama uko Mikindani au Lindi mjini kwenye mteremko, usitumie neno "tambarare" kwa kubahatisha. Vuta kamba, weka pima maji, andika tofauti ya kimo kati ya upande wa juu na wa chini. Nguzo za upande wa bonde zinaweza kuwa ndefu mara tatu ya zile za mlimani, na hapo ndipo fundi huja kuomba nyongeza katikati ya kazi.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe

Si lazima uwe mhandisi. Baraza la mfano lina mistari mitatu ya nguzo tatu tatu, jumla 9. Kila nguzo ina shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 60, na kitako cha zege kinachotokeza juu ya ardhi kama sentimita 15. Zege lote ni kama mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), unahitaji mifuko 6 au 7 ya saruji ya kilo 50. Fundi akikuandikia 15, muulize minane mingine inajenga nini.

Juu ya nguzo kuna mihimili mitatu, kila mmoja ni mbao mbili za inchi mbili kwa sita zilizobanwa pamoja. Juu ya mihimili kuna boriti 10 za mbili kwa sita, kila baada ya sentimita 40. Jumla mbao 16. Sakafu yenyewe ni mbao za moja kwa sita. Zikipigwa randa hubaki na upana wa kama sentimita 14. Ukiacha nafasi ya nusu sentimita kati ya ubao na ubao, mita 3 zinakula mbao 21. Ongeza mbili za akiba. Nguzo, kwa kuwa ni fupi, zote 9 zinapatikana kwenye ubao mmoja wa nne kwa nne wa futi 12. Ndiyo, mmoja. Nimewahi kuona makadirio yenye tisa.

Skrubu: mbao 21, boriti 10, skrubu mbili kila zinapokutana. Ni 420.

Hatua ya 3: Dai mchanganuo, usikubali jumla

Mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, hii haizidi mbili na nusu. Nipe ya kuanzia tu, kesho naingia site."

"Sawa fundi wangu, lakini niandikie mbao ngapi, za aina gani, na ufundi wako shilingi ngapi."

"Bosi, huniamini?"

Mjibu kwa upole kwamba unamwamini, ila karatasi lazima iwe mezani. Unachotaka kitenganishwe ni hiki: vifaa kimoja kimoja na idadi yake, usafiri, ufundi, na mengineyo. Hayo mengineyo ndiyo ya kuchokonoa. Chakula cha mafundi ni cha nani? Maji na umeme wa mashine je? Mbao zikilala nje usiku, mlinzi analipwa na nani? Kwetu mambo haya huachwa kwa kuona aibu, kisha kila asubuhi unaombwa hela ya chai mpaka kazi inaisha.

Kuna pia mtindo wa fundi kutaja ufundi tu, vifaa unanunua mwenyewe. Si mtindo mbaya, unakuonyesha hela inakwenda wapi. Ila siku ukiletewa mbao zilizopinda, kosa ni lako.

Hatua ya 4: Soma mstari wa mbao na mstari wa chuma

Hapa ndipo bei hutofautiana hasa, nami hapa hutumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Mwenye paina mara nyingi atakuwa ametoa Mafinga mkoani Iringa, upande wa shamba la miti la Sao Hill. Paina ni nyepesi, inapigika vizuri, na ni rahisi. Ikiwa imetiwa dawa kwa mashine ya mgandamizo, mbao huwa na rangi ya kijani na dawa imeingia ndani. Ikiwa imepakwa kwa brashi nyuma ya duka, au imepakwa oili chafu, kata kipande: utaona juu kuna rangi, ndani ni nyeupe. Hiyo mchwa wa Mtwara hawataisubiri. Kwenye makadirio yaandikwe "iliyotiwa dawa kwa mgandamizo", si "yenye dawa".

Mbao ngumu za kwetu ni mkongo, mninga na mvule. Kwa sakafu ya nje mimi napendelea mkongo: mzito, mchwa wanausumbukia, na hautikisiki sana jua na mvua zikipishana. Mninga ni mzuri lakini ukiuweka nje ukanyagwe na viatu, naona ni kuuonea, ungefaa mlango. Vyovyote utakavyochagua, angalia pembeni mwa ubao: ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome wadudu huila hata kwenye mti mgumu. Andika kwamba hutaipokea.

Mbao ngumu ikiwa rahisi kupita kiasi, uliza hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Bila hati, mzigo unaweza kukamatwa kwenye geti la maliasili, na kama umeshalipa, hasara unayo wewe. Vivyo hivyo kwa fundi anayekuahidi nguzo za mkoko kwa bei ya rafiki. Mikoko haikatwi bila kibali.

Chuma sasa. Shangani, Mikindani, kote unakosikia bahari, chumvi iko hewani mwaka mzima. Msumari wa kawaida utaanza kulia machozi ya kutu msimu wa kwanza, na juu ya mkongo utaacha michirizi myeusi. Dawa ya kijani ya paina nayo ina shaba, inayokula chuma kitupu. Kwa hiyo kataa mstari uliosema "misumari" peke yake. Taka skrubu za chuma kisichoshika kutu, au angalau zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye rangi ya kijivu iliyofifia. Zile za zinki zinazong'aa dukani zimepakwa kidogo sana, zinafaa kabati la ndani. Tofauti ya bei ya skrubu 420 inauma, lakini kung'oa mbao 21 ili kubadilisha skrubu kunauma zaidi.

Hatua ya 5: Sawazisha

Chora safu tatu, fundi mmoja kila safu. Kilichokosekana kwa mmoja, kijaze kwa bei uliyouliza dukani mwenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei za soko.

Fundi wa 2,150,000 aliandika mbao na ufundi. Hakuna saruji, mchanga na kokoto: jaza 260,000. Skrubu na bolti: 210,000. Usafiri: 120,000. Dawa ya mchwa ya ardhini na oili ya mbao: 180,000. Amefika 2,920,000.

Fundi wa 2,450,000 aliweka vyote, ila paina isiyo na dawa na misumari ya kawaida. Kumpandisha mpaka mkongo na skrubu nzuri, tuseme ndivyo karatasi yako ilivyotaka: 640,000. Amefika 3,090,000.

Kampuni ni 3,304,000. Hiyo ni 2,800,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 504,000, na kila kitu kimo. Hakikisha kampuni imesajiliwa kwa VAT na inatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, la sivyo hiyo 504,000 haina kazi. Jina lake litafute pia kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB.

Mwanzo kati ya wa chini na wa juu kulikuwa na 1,154,000. Sasa ni 384,000. Kwa pengo hilo unaweza kuanza kuangalia mambo mengine: nani ana kazi ya miaka miwili unayoweza kwenda kuikanyaga, nani alijibu maswali bila kununa, nani ametoa dhamana ya maandishi. Mimi hapo mara nyingi humshauri mtu amchukue fundi mwenye baraza kuukuu la kuonyesha, hata kama si wa bei ya chini.

Hatua ya 6: Muda na malipo

Uliza makadirio yanashika kwa siku ngapi. Minada ya korosho ikifunguka, kwa kawaida Oktoba, hela inaingia vijijini, kila mtu anaezeka, na mafundi pamoja na magari ya mzigo hupanda bei. Mvua nazo huku kusini huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Bei uliyopewa Julai usitarajie kuikuta Novemba. Kiangazi kina faida nyingine: mbao zinakuwa kavu. Mbao mbichi ikifungwa leo, ikikauka inapinda na mianya inapanuka.

Malipo yafuate kazi iliyoonekana: sehemu vifaa vikifika na umevihesabu kwa orodha yako, sehemu nguzo na boriti zikisimama, sehemu sakafu ikiisha. Mkataba muandike ukurasa mmoja, msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, karatasi ya Hatua ya 1 ikiwa imebanwa nyuma yake. Asilimia kumi baki nayo mpaka mvua za kwanza zipige. Siku hiyo pita juu ya baraza ukiangalia maji yanatuama wapi, ubao gani unacheza, na chini kwenye vitako kama kuna njia za udongo za mchwa. Fundi akisharekebisha, mmalizie chake.