Somo: Kuanza kutembea milimani ukiwa mwanafunzi Norwei, kuanzia nguo hadi kulala nje

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Kila mwezi wa nane vijana wetu wanaofika Bergen kusoma huniuliza mambo mawili: kazi za muda zinapatikana wapi, na watu hawa wanafanya nini siku ya Jumapili maana mjini karibu maduka yote yamefungwa. Jibu la swali la pili ni kwamba wako mlimani. Ukibaki chumbani peke yako miezi yote ya giza utaumia, nimeshuhudia kwa wenzetu kadhaa. Kwa hiyo naweka hapa hatua zote nilizopitia, pamoja na kosa lililonifundisha zaidi ya mengine.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nyumbani Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaiona asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, lakini sijawahi kuipanda. Mjomba wangu alibeba mizigo ya watalii kwa miaka mingi, na kwetu mlima ulikuwa kazi ya mjomba. Hakuna aliyefikiria kwenda kule kwa kujifurahisha. Nimekuja kujifunza kupanda nikiwa na miaka 26, katika mji ambao mlima wake mkubwa, Ulriken, una mita 643. Kibo ina 5,895. Usizidharau hizo 643.

Hatua ya 1: Ijue haki yako

Norwei ina sheria ya mwaka 1957 iitwayo Friluftsloven. Inampa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kutembea katika ardhi isiyolimwa: misitu, milima, fukwe, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna mwongozaji wa lazima. Unaweza kuchuma matunda pori na uyoga, na kuvua samaki baharini kwa ndoano kwa ajili ya chakula chako. Samaki wa mito na maziwa ni jambo jingine, hao wanahitaji kibali.

Usichoruhusiwa ni kupita kwenye bustani au uwanja wa nyumba ya mtu, wala kukanyaga shamba lenye mazao. Na ukifungua geti la kondoo, lifunge nyuma yako.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunaogopa. Ukiwa mgeni, mweusi, peke yako msituni, unajiuliza kama kuna mtu atakuja kukufukuza. Sheria iko upande wako. Tangu 2023 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada katika vyuo vya umma huku, na maisha yamekuwa magumu. Mlima umebaki bure.

Hatua ya 2: Nguo

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokosea.

Acha pamba nyumbani. Jinzi, fulana, sweta zito la kofia, vyote hivyo ni pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto la mwili. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, kwa hiyo kulowa ni suala la saa ngapi tu. Sufu, hata ikiwa imelowa, huendelea kukupa joto. Wanorwei huiita *ull*, na watakuimbia neno hilo mpaka ulishike.

Vaa kwa tabaka. Inayogusa mwili iwe ya sufu nyembamba, juu na chini. Ya katikati iwe sweta la sufu. Ya nje iwe koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Ukianza kupanda, vua ya katikati kabla hujatoka jasho, maana jasho nalo ni maji. Ukisimama kupumzika, ivae mara moja kabla baridi haijakupata. Kofia na glavu ziwe begini hata mwezi wa sita: kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, na upepo wa juu haufanani na wa mjini.

Vya kununua vipya ni ghali mno kwa mwanafunzi. Nenda Fretex, ni maduka ya mitumba, au tafuta Finn.no ambako watu huuziana vitu vyao. Mtu aliyezoea kuchambua marobota pale Memorial, Moshi, hatapata shida: pekua lebo ya ndani, ukiona *ull* au *merinoull* shika. Vipo pia vituo vya BUA vinavyoazima vifaa bure, mahema, mabegi, hata skii za kutelezea kwenye theluji. Kitu pekee ninachoshauri ununue kipya ni buti, na uzivae wiki nzima kwenda darasani kabla ya kuzipeleka mlimani.

Hatua ya 3: Anza na kilima cha jirani

Kila mtu anataka picha ya Trolltunga, ule mwamba uliochomoza hewani kama ulimi. Kutoka maegesho ya Skjeggedal ni kilomita 27 kwenda na kurudi, mwendo wa saa 10 hadi 12. Si safari ya kwanza hiyo.

Kwa aliyeko Bergen, anza na Fløyen, unapanda kwa njia pana kutoka katikati ya mji mpaka kituo cha juu cha treni ya kamba, mita 320. Ukichoka unashuka na treni. Wiki inayofuata jaribu Stoltzekleiven, ngazi za mawe zaidi ya 800 zilizopangwa na mafundi wa Nepal; ni ya kupanda tu, kushuka tumia njia nyingine. Halafu Ulriken. Kwa aliyeko Stavanger, Preikestolen ni kilomita 8 kwenda na kurudi, jiwe liko mita 604 juu ya maji ya Lysefjord.

Hatua ya 4: Soma anga na saa

Weka Yr kwenye simu, ni utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Norwei. (Hata Moshi imo, mama yangu sasa anaangalia mvua ya kwake kupitia Yr.) Usitazame alama ya jua au wingu peke yake, tazama kasi ya upepo. Kisha hesabu mwanga: Desemba Bergen ina mwanga kama saa 6 tu, Juni ina saa 19. Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima hatuna hesabu hiyo kichwani. Tochi ya kichwani iwe begini daima.

Hatua ya 5: Njiani

Mwambie mtu unapita wapi na utarudi saa ngapi. Beba mkate uliofunga nyumbani, chokoleti, chai ya moto kwenye chupa. Maji si lazima ubebe mengi. Maji ya vijito vya juu vinavyotiririka watu huyanywa, ilimradi usichote chini ya malisho ya kondoo.

Fuata alama ya herufi T nyekundu kwenye mawe, au rundo za mawe. Jambo lililonigusa ni salamu. Mnorwei ambaye kwenye basi hakutazami, mlimani atakuambia *hei hei* akiwa bado mbali, na akikupita atakutakia *god tur*, yaani safari njema. Itikia. Miezi yangu ya kwanza huku, salamu za mlimani ndizo pekee nilizopewa na watu nisiowajua.

Hatua ya 6: Kurudi

Sasa kosa langu. Ilikuwa Oktoba ya kwanza, mimi na mwenzangu kutoka Ghana tuliamua kuvuka Vidden, ile nyanda ya juu kati ya Ulriken na Fløyen. Ni mwendo wa kama saa 5 kwa mtu mzoefu. Asubuhi jua lilikuwa linawaka. Nilivaa jinzi na sweta la pamba.

Baada ya saa moja ukungu ulishuka, ukafuatiwa na manyunyu, kisha upepo. Rundo la mawe la mbele tukawa hatulioni. Jinzi ikawa nzito, vidole vikawa havifungi zipu. Mwenzangu alisema turudi. Nikakataa. Nilimwambia mimi ni Mchaga, nimezaliwa mlimani, tukirudi nitaona aibu.

Tulikutana na mama mmoja wa makamo, ana mbwa, anatoka upande wa pili. Aliitazama suruali yangu, akavua begi, akanipa glavu zake za akiba. Kisha akasema polepole ili nielewe: *det er ingen skam å snu*. Si aibu kugeuka. Tukageuka naye, tukashuka ngazi zote mpaka chini. Nilitetemeka kwenye basi hadi nyumbani.

Baadaye nikajua sentensi ile imo katika kanuni 9 za mlimani ambazo Wanorwei hufundishwa tangu utotoni. Zimechapwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj. Jioni nilimpigia mjomba simu. Kabla sijamaliza kusimulia akauliza, "Ulivaa pamba?" Nikanyamaza. Akaniambia kila msimu alikuwa anaona watalii wenye nguvu kuliko yeye wakishushwa kwa machela kwa sababu hawakukubali kugeuka mapema, na kwamba wapagazi wa kwetu hukagua nguo za mgeni kabla ya begi lake. Mambo yote niliyohitaji yalikuwa yanajulikana nyumbani kwetu. Sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, panga saa ya kugeuka. Ikifika saa saba mchana na kilele hukukifikia, unageuka, hata kama kimebaki kidogo. Na mmoja katika kundi akisema turudi, mnarudi wote bila mjadala.

Hatua ya 7: Kulala nje

Hema unaweza kulipiga popote kwenye ardhi isiyolimwa, umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya watu iliyo karibu, usiku mbili bila kuomba ruhusa. Kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Septemba ni marufuku kuwasha moto msituni au karibu na msitu.

Kama huna hema, jiunge na DNT, chama cha watembeaji kilichoanzishwa 1868. Wana vibanda zaidi ya 500 nchi nzima na wanafunzi hulipa uanachama nafuu. Vingi havina mhudumu: unafungua kwa ufunguo wa wanachama, unakuta kuni, magodoro na stoo ya chakula, unaandika ulichotumia na kulipa. Ukiondoka unafagia, unapasua kuni za atakayefuata. Usiku wangu wa kwanza ndani ya kibanda hicho harufu ya mbao ilinikumbusha hadithi za mjomba, maana vile vibanda vya pembetatu vya njia ya Marangu, Mandara na Horombo, vilijengwa kwa msaada wa Wanorwei hawa hawa.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Trondheim: Mkuu, huku kwetu theluji imeanza. Niendelee kutembea?

Endelea, lakini kwenye njia za msituni zilizo karibu na mji. Mteremko mkali wenye theluji achana nao mpaka ufundishwe. Theluji huporomoka na kuua watu kila mwaka. Tazama tovuti ya Varsom.no inavyoonya kuhusu maporomoko hayo. Jifunze skii za tambarare kwanza, waombe wenzako darasani, watafurahi kukufundisha.

Dada, Oslo: Navaa hijabu, na vipindi vya swala vitanikuta huko. Wewe umewaona akina dada wetu?

Nimewaona, na wengi. Dada yangu, tumia hijabu nyembamba ya sufu au ile shali ya mviringo ya michezo, ya pamba italowa na kukubana shingoni. Kofia ya koti ipite juu yake. Rafiki yangu Mzanzibari hubeba mkeka mdogo usiopitisha maji na chupa ya maji vuguvugu ya kutawadhia, maana ya kijito yanauma mifupa.

Mdau, Mwanza: Wanyama wakali je?

Bergen hakuna wa kukutisha. Kuna nyoka mmoja tu mwenye sumu Norwei nzima, *huggorm*, naye hukukimbia. Kagua kupe mwilini ukitoka kwenye majani marefu. Ukienda milima ya Dovrefjell kuna *moskus*, mnyama mwenye manyoya kama nyati aliyevaa blanketi; kaa naye mbali mita 200 au zaidi.

Mdau, Tromsø: Ukivunjika mguu huko juu, helikopta unalipia wewe?

Hapana. Uokoaji wa umma ni bure, na sehemu kubwa hufanywa na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu na wengineo. Namba ya dharura ya afya ni 113. Weka programu ya Hjelp 113, ukipiga inawaonyesha mahali ulipo. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi humaliza chaji.

Mdau, Leeds: Uingereza nako naweza kupiga hema popote?

Scotland ndiyo, wana sheria yao ya 2003. England, kwa sehemu kubwa, lazima mwenye ardhi akubali. Uliza kabla.

Mdau, Bergen: Kaka, nimefika wiki iliyopita, sina buti wala sufu. Jumapili naweza kuja?

Unavaa namba ngapi? Nina jozi ya 43 na suruali ya mvua ya ziada. Tukutane kituo cha chini cha treni ya Fløyen saa nne asubuhi. Jinzi iache nyumbani.