SOMO: Kupanga zamu za maji ya mto wakati wa kiangazi

Kila kiangazi swali ni hilo hilo: "Babu yangu ndiye aliyechimba mfereji huu, mbona wa juu wananikaushia?" Nimelijibu mpaka nimechoka. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza sheria. Hapa Uganda haki ya maji ya mto iko mikononi mwa Serikali. Maji ya kunywa, ya mifugo na ya bustani ya nyumbani huombi ruhusa. Ukitumia pampu ya injini, au ukichota zaidi ya mita za ujazo 400 kwa masaa 24, unahitaji kibali kutoka Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji. Babu kutangulia si kibali. Na hizo 400 zisikudanganye kwa ukubwa: ni lita 4.6 tu kwa sekunde, wakati mpunga hutaka kama lita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila hekta.

1. Andikeni ekari za kila mtu, wote mkiwepo.

2. Pimeni maji. Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10, tupia chungwa katikati na uhesabu sekunde. Likichukua 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Kisha zidisha kwa upana na kina: nusu mita kwa sentimita 20 inakupa lita 34 kwa sekunde. Hizo ni karibu mita za ujazo 2,900 kwa siku, kwa hiyo hapo chama chenu kinahitaji kibali.

3. Gaweni masaa kwa ekari, si kwa vichwa.

4. Muda wa kujaza mfereji. Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Mfereji wa udongo uliokauka una nyufa, nao hunywa kabla ya shamba lolote. Mkianza zamu kichwani (mfereji unapotoka mtoni), kila mnapomshukia wa chini yake maji yanajaza kipande kipya kikavu, na masaa hayo yanakatwa kwenye zamu yake. Wa mkiani, mwisho wa mfereji, hupata tope, naye ndiye atakayekuja usiku na jembe kuvunja lango la mwenzake. Anzeni mkiani. Mfereji ujazwe mara moja mpaka mwisho, masaa hayo yabebwe na wote, kisha zamu ipande juu lango kwa lango. Kila anayefuata anakuta maji yako mlangoni. Mfano: wiki ina masaa 168. Kujaza ni masaa 8, yanabaki 160. Mna ekari 40, basi kila ekari ni masaa 4.

ANGALIA: muda wa kujaza upimwe kiangazi, usipimwe wakati wa mvua. Mtu asimame mkiani na simu, atangaze maji yanapofika. Na malango ya juu yazibwe kwa magunia ya udongo. Lango linalovuja usiku kucha ni wizi, hata kama mwenyewe amelala.

5. Usiku. Mzunguko wa siku 7 humpa mtu yule yule usiku ule ule msimu mzima, na mara nyingi huwa ni mjane au mzee asiye na wa kumtetea. Ufanyeni masaa 180: zamu ya usiku inageuka ya mchana mzunguko ujao. Yale masaa 12 ya ziada fungeni banio (kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini), mto uteremke kwa vijiji vya chini.

6. Sahihi za wote, nakala kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji).

MASWALI

— Mimi nina kapampu kadogo ka petroli tu, kibali cha nini?
Pampu ya injini ni pampu ya injini. Soma juu.

— Mkubwa, tuko watu 15, tupangie ratiba.
Watu 15 ni ekari ngapi? Hatua ya 1.

— Shikamoo mwalimu. Nasikia Marekani aliyetangulia ndiye anayepata kwanza. Ni kweli?
Marahaba dada, swali zuri. Ni kweli kwa majimbo ya magharibi. Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado ilithibitisha kanuni hiyo mwaka 1882. Haki inafuata tarehe ya matumizi ya kwanza. Maji yakipungua hawagawani upungufu: wa mwisho anafunga kabisa, na wa kwanza anachukua fungu lake lote, hata kama yuko chini zaidi mtoni. Ila asipoyatumia kwa muda mrefu anaweza kuipoteza haki. Kwetu, mashamba ya robo ekari yakikaushwa hivyo, ni nyumba nzima inalala njaa. Ndiyo maana nashikilia zamu.

— Na Misri kwenye Nile si ndiyo hoja yao hiyo?
Inafanana. Mkataba wa 1959 uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan 18.5, Uganda haimo. Mkataba mpya uliosainiwa Entebbe mwaka 2010, ulioanza kutumika Oktoba 2024, unadai matumizi ya haki kwa nchi zote za bonde. Misri imeukataa.

— Sisi banio linajaa mchanga kila mvua.
Nani analima juu yenu? Kanuni zinataka mita 100 ziachwe ukingoni kwa mito iliyoorodheshwa, 30 kwa mingine. Pandeni mabingobingo hapo: yanashika udongo, na ng'ombe wanapata majani.