Kujitolea Katika Utafiti wa Wanyamapori Kwenye Majangwa ya Namib na Kalahari

Anayetaka kujitolea katika utafiti wa wanyamapori jangwani aanze kwa kupima muda alio nao, kwa sababu muda ndio utakaoamua kazi atakayopewa. Mradi wa mirkati, wale nguchiro wadogo wa Kalahari wanaosimama wima kuchungulia hatari, ulianzishwa mwaka 1993 kando ya mto Kuruman nchini Afrika Kusini, nao hupokea watu wanaoweza kukaa takriban mwaka mzima. Sharti hilo si la ukali wa bure, kwani mgeni huhitaji muda mrefu kumtambua kila mnyama kwa alama ya rangi iliyopakwa manyoyani mwake na kujifunza kuandika tabia zake bila kubahatisha. Kaskazini magharibi mwa Namibia hali ni tofauti: ipo kazi ya tembo wa jangwani ambayo mtu anaweza kuifanya kwa wiki 2, wiki ya kwanza akijenga kuta za mawe kuzunguka matangi na pampu za maji za wafugaji, na ya pili akiwafuata tembo kwenye mabonde ya mito mikavu. Mwenye likizo fupi asiidharau kazi ya ukuta. Tembo mwenye kiu huvunja bomba ili apate maji, na mfugaji aliyeharibiwa kisima chake ana sababu chache sana za kumvumilia jirani wa namna hiyo.

Kabla ya kulipa chochote, na miradi mingi humtaka mgeni achangie gharama zake, uliza maswali kwa maandishi: takwimu zitakazokusanywa zinakwenda kwa nani, kibali cha utafiti kimetolewa na mamlaka gani, na fedha unazotoa zinagharimia nini hasa. Mradi wa kweli hujibu bila kusitasita. Ukiona matangazo ya wageni waliopakata watoto wa simba au duma, achana nao, kwa kuwa huo si utafiti bali ni biashara ya picha. Hata mirkati waliozoeshwa watu hawabebwi ili kupimwa uzito, bali huvutwa wapande wenyewe kwenye mizani kwa chembe za yai lililochemshwa.

Suala la uhamiaji halina njia ya mkato. Namibia huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, kwa hiyo kuingia kwa ruhusa ya utalii kisha ukaenda kufanya kazi kambini ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini. Omba kibali kinachostahili mapema, kupitia mradi wenyewe, na ukitoka nchi yenye homa ya manjano beba cheti cha chanjo.

Katika kufungasha, watu wengi hujiandaa kwa joto na kusahau baridi. Kati ya mwezi Juni na Agosti usiku wa Kalahari unaweza kushuka chini ya nyuzi 0, ilhali kiangazi mchana hupita nyuzi 40. Chukua begi zito la kulalia, sweta, kofia pana, taa ya kichwani na viatu vilivyofunika mguu wote, ambavyo utavikung'uta kila asubuhi kabla ya kuvivaa kwa sababu ya nge. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kazi yenyewe huanza alfajiri, na sehemu kubwa yake ni kungoja na kuandika. Andika saa, mahali kwa kifaa cha GPS, idadi, jinsia na tabia palepale unapoona, wala usiache mpaka urudi kambini. Tembo hutambuliwa kwa mikato ya masikio, umbo la pembe na nywele za mkia, hivyo piga picha ya kila sikio hata kama unaamini unamjua mnyama huyo. Siku ambayo hamkuona chochote ijazwe kwenye fomu kama siku nyingine, na njia mliyopita na saa mlizotumia zionyeshwe. Bila rekodi hiyo hakuna atakayejua kama wanyama hawakuwepo au ni ninyi ambao hamkutoka.

Garini, fuateni njia zilizopo. Alama za magurudumu kwenye tambarare za changarawe za Namib hubaki kwa miongo mingi. Gari likiharibika msiliache, kwani ni rahisi zaidi kuliona kuliko kumwona mtu anayetembea kwa miguu. Wakati wa mvua msilale ndani ya bonde la mto hata kama mchanga wake ni mkavu, maana mafuriko huweza kufika kutokana na mvua iliyonyesha mbali sana nanyi. Na hata kukiwa kukavu, bonde hilo ndiyo barabara ya tembo usiku.

Lililobaki ni simu. Zima huduma ya mahali kabla ya kupiga picha, hasa ya faru, na usitaje bonde wala kisima unapoituma kwa marafiki, kwa sababu majangili nao husoma mitandao. Siku ya kuondoka, mkabidhi kiongozi wa utafiti daftari lako halisi pamoja na picha zote, zikiwemo zile zilizotoka vibaya.